Kawawa: Kutoka nyota wa sinema hadi Waziri Mkuu

KABLA ya kuitwa Simba wa Vita, hayati Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa nyota wa sinema. Alizaliwa Songea mwaka 1926, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa Ustawi wa Jamii, idara iliyowapelekea wananchi sinema kwa magari. Miaka ya 1950 aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili kuhusu mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam. Watazamaji wakamwona Mwafrika mwenzao akisema lugha yao.

Hata hivyo, watumishi wa Serikali ya kikoloni walikatazwa siasa. Mwaka 1956 Kawawa aliacha kazi hiyo, akachagua vyama vya wafanyakazi na TANU. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Alifariki dunia Desemba 31, 2009.