Mjue Richmann, profesa aliyeuawa na radi akiipima

Agosti 6, 1753 kwa kalenda ya leo, wingu zito lilitanda juu ya St Petersburg, Urusi. Profesa Georg Wilhelm Richmann alikuwa kwenye kikao cha Akademia ya Sayansi. Aliposikia ngurumo hakukaa tena. Alimchukua mchoraji wa Akademia, Sokolov, wakakimbilia nyumbani kwake.

Kulikoni? Juu ya paa alikuwa amesimamisha chuma, na waya ukashuka hadi ndani, kwenye kifaa alichokibuni mwenyewe cha kupima umeme. Kazi ya Sokolov ilikuwa kuchora watakachokiona.

Richmann alizaliwa 1711 Pärnu, Estonia ya leo. Baba yake alishafariki kwa tauni. Alisoma Ujerumani, na mwaka 1741 akawa profesa wa fizikia. Kanuni ya kukokotoa joto la maji ya moto yakichanganywa na ya baridi bado inaitwa kwa jina lake.

Siku hiyo aliinama kusoma kipimo. Sokolov alisimulia kwamba mpira wa moto wa rangi ya buluu iliyofifia, ukubwa wa ngumi, ulitoka kwenye chuma ukampiga profesa kwenye paji la uso. Ukafuata mlio kama wa mzinga. Richmann alikufa papo hapo, akiwa na miaka 42. Kiatu chake kilipasuka, na mlango ukang'oka.

Basi, tangu hapo wengi husema aliuawa na mpira wa radi, ile radi ya duara ambayo watu huapa kuiona ikielea hewani. Wanasayansi wengi hawakubali. Wanasema ilikuwa cheche ya kawaida, na mwanga mkali kama ule humchanganya yeyote. Shahidi alikuwa mmoja tu, naye aliangushwa chini.

Ubishi ulipata uhai mpya mwaka 2014, watafiti wa China walipochapisha vipimo vya mwanga wa duara walioutega kwa kamera mwaka 2012. Ndani yake walikuta dalili za elementi za udongo.

Ila jambo moja halina ubishi: waya wa Richmann haukufika ardhini. Umeme ulikosa njia, ukarukia kilichokuwa karibu zaidi, yaani kichwa chake. Rafiki yake Lomonosov, aliyekuwa akipima wingu hilohilo kwake, alinusurika, akabaki kumwombea mjane malipo ya kujikimu.