Dag Hammarskjöld: Katibu Mkuu aliyefia njiani akisaka amani ya Kongo

Usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege iliyotoka Leopoldville, Kinshasa ya leo, ilianguka msituni karibu na Ndola, Zambia ya sasa. Ilibeba watu 16. Mmoja wao alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kuzungumza na Moise Tshombe ili mapigano ya Katanga yasitishwe.

Alizaliwa Sweden mwaka 1905, mtoto wa mwanasiasa aliyekuja kuwa waziri mkuu. Alishika ukatibu mkuu mwaka 1953. Miaka miwili baadaye alikwenda Beijing kuwaombea askari wa anga wa Marekani waliofungwa China, na mwaka huohuo wakaachiwa. Vita vya Suez vya 1956 vilipozuka, alisimamia kuundwa kwa kikosi cha kwanza cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa.

Kongo ilikuwa mtihani mwingine kabisa. Ilipata uhuru Juni 30, 1960, na kabla ya wiki mbili kupita jeshi lilikuwa limeasi na Katanga, jimbo la shaba, imejitenga. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliomba askari wa Umoja wa Mataifa, nao wakaja. Lakini alipotaka waizime Katanga kwa nguvu, Hammarskjöld alikataa. Lumumba akageukia Moscow. Januari 1961 akauawa. Waafrika wengi hawakumsamehe Hammarskjöld kwa hilo, na lawama hiyo si nyepesi.

Kiongozi wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, alimtaka ajiuzulu, nafasi yake ishikwe na watu watatu. Hammarskjöld aligoma. Hoja yake ilikuwa kwamba wakubwa wana uwezo wa kujilinda wenyewe. Wanaohitaji Umoja wa Mataifa ni wanyonge. Akafa akiwa bado kazini, akatunukiwa Nobel ya Amani mwaka huohuo.

Wachoma mkaa waliokuwa karibu na Ndola walisema waliona ndege ya pili angani. Wachunguzi wa serikali ya kikoloni waliupuuza ushahidi wao na kumlaumu rubani. Umoja wa Mataifa uliurudia uchunguzi miaka mingi baadaye, na tangu 2015 umeongozwa na Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti zake zinasema inawezekana ndege hiyo ilishambuliwa, na kwamba zipo nchi, zikiwamo Marekani na Uingereza, ambazo bado hazijatoa kila zinachokijua.