Phillis Wheatley: Mjakazi Mwenye Kalamu

Wako wasomaji ambao hawamhesabu mtu kuwa mwasi mpaka wamsikie akipiga kelele. Kwa kipimo hicho wanawake washairi wengi wamenyimwa haki yao, maana walitunga katika nyumba zisizo zao, mbele ya watu walioweza kuwanyamazisha kwa neno moja. Phillis Wheatley ni mmoja wao, na maisha yake yafaa kutazamwa na kila afanyaye kazi chini ya amri ya mwingine.

Jina alilopewa na wazazi wake katika Afrika ya Magharibi halikuhifadhiwa. Mwezi wa Julai, 1761, alishushwa katika bandari ya Boston, Amerika ya Kaskazini, kutoka merikebu ya watumwa iliyoitwa Phillis. Alikisiwa kuwa na umri wa miaka 7 au 8, kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng’oka. John Wheatley, mshoni na mfanyi biashara, alimnunua ili amtumikie mkewe, Susanna. Hivyo mtoto yule akaitwa kwa jina la merikebu iliyomchukua na la ukoo wa mtu aliyemnunua.

Katika nyumba ile alifundishwa kusoma, na kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu aliweza kuisoma Biblia kwa Kiingereza, lugha asiyoijua alipofika. Baadaye akajifunza na Kilatini. Mwaka 1767 shairi lake lilipigwa chapa katika gazeti la Newport Mercury. Na mwaka 1770 alitunga maombolezo ya mhubiri George Whitefield, yakalieneza jina lake mpaka Uingereza.

Hapo ndipo zilipoanza hukumu za wasomaji. Mwaka 1772 walitafutwa wanunuzi katika Boston ili diwani yake ichapwe, wasipatikane wa kutosha. Wengi hawakusadiki kwamba Mwafrika, tena mwanamke, tena mtumwa, aweza kutunga. Ikabidi wakubwa 18 wa mji, miongoni mwao Gavana Thomas Hutchinson na tajiri John Hancock, watie sahihi kushuhudia kwamba mashairi ni yake. Ni mshairi gani wa Kizungu aliyepata kudaiwa shahada ya namna hiyo? Mwaka 1773 alivuka bahari mpaka London, na huko ndiko diwani ilikochapwa mwezi wa Septemba. Aliporudi Boston, kabla mwaka haujaisha, aliachwa huru. Naye mwenyewe alieleza katika barua kwamba jambo hilo lilitendeka kwa matakwa ya rafiki zake wa Uingereza.

Je, alikuwa mwasi? Na tutazame aliyoyatenda. Angali mtumwa, mwaka 1772, alimtungia shairi Lord Dartmouth, waziri wa Uingereza aliyesimamia makoloni ya Amerika, akamweleza kwamba mapenzi yake ya uhuru yametokana na kunyakuliwa kwake Afrika na uchungu uliompata baba yake. Mwezi wa Februari, 1774, alimwandikia barua Samson Occom, mhubiri wa kabila la Mohegan, wenyeji wa nchi ile. Alisema kuwa Mungu ameupanda upendo wa uhuru katika moyo wa kila mwanadamu, akawakejeli wale waliopigania uhuru wao kwa maneno huku mikono yao ikiwakandamiza wengine. Barua hiyo ilitangazwa magazetini wakati Wazungu wa Boston walipokuwa wakilalamika kwamba Mfalme wa Uingereza amewafanya watumwa. Hapana mwenye watumwa aliyeisoma asijue ni nani aliyeshitakiwa.

Lakini uhuru haukumletea chakula. Susanna alikufa mwaka 1774, na John mwaka 1778. Mwaka huo Phillis aliolewa na John Peters, mtu mweusi huru, wakaishi kwa dhiki ya nyakati za vita. Mwaka 1779 alitangaza diwani ya pili, akatafuta wanunuzi, asiwapate. Mswada wake ukapotea. Alikufa tarehe 5 Desemba, 1784, akiwa maskini, umri wake ukikisiwa kuwa miaka 31.

Hukumu hazikukoma kwa kifo chake. Thomas Jefferson, aliyepigania uhuru wa nchi yake huku akimiliki watumwa kwa mamia, aliandika kwamba mashairi ya mwanamke huyu hayastahili hata kuhakikiwa. Karibu miaka mia mbili baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, waandishi weusi wa Marekani nao walimlaumu: amefuata dini na mtindo wa mabwana, na katika shairi moja fupi amehesabu kutolewa kwake Afrika kuwa ni rehema. Shairi hilo lipo, wala halifai kufichwa. Lakini shairi lilo hilo lamalizikia kwa kuwaonya Wakristo kwamba mtu mweusi naye aweza kuingia peponi pamoja nao.

Yatupasa kukumbuka jambo moja. Diwani tuliyo nayo ilitungwa utumwani, ikapita mbele ya macho ya wakubwa 18 kabla ya kutoka. Diwani ambayo angaliitoa kama mwanamke huru ilipotea kwa sababu wasomaji wa zama zake hawakuinunua. Basi anayesema kwamba Phillis hakuasi vya kutosha anahukumu ile sehemu tu ambayo mabwana waliipitisha. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya mshairi wa namna hii ni kusomwa kazi zake zote, pamoja na barua zake, kabla ya kuhukumiwa.