Emin Pasha, askari wake na somo lililotupita



Sisi tuliozaliwa Ijumbi, ambayo leo iko wilaya ya Muleba, tulifundishwa shuleni kwamba mji wa Bukoba ulianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Watoto wa Kiislamu jina hilo lilitufurahisha. Tulidhani ni mwenzetu, Mturuki au Mmisri aliyekuja na dini. Hakuna aliyetuambia bwana huyo alikuwa nani hasa, wala bunduki zake zilishikwa na nani.

Emin alizaliwa mwaka 1840 huko Oppeln, katika Ujerumani ya siku zile, kwa jina la Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na baada ya baba kufariki akabatizwa angali mtoto. Alisomea udaktari, akaenda kufanya kazi katika dola ya Uthmaniya, akajifunza Kituruki na Kiarabu, akajiita Mehmed Emin na kuishi kama Muislamu. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mwenyezi Mungu. Mwaka 1876 alijiunga na Gordon, Mwingereza aliyetawala jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan, kwa niaba ya Misri. Mwaka 1878 yeye mwenyewe akawa gavana wa jimbo hilo.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad, al-Mahdi, aliinua bendera ya jihadi dhidi ya utawala wa Misri. Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Emin akabaki kusini, njia zote zimefungwa. Alisimamaje? Hakuwa na jeshi la Wazungu. Askari wake walikuwa Wasudani, wengi wao Waislamu, pamoja na watu wa makabila ya hapohapo kama Wamakaraka. Walioa hapo, wakalima hapo, wakazaa hapo. Nafaka na wapagazi walitoka kwa machifu, kwa hiyo ilibidi machifu wabembelezwe. Kwa ufupi, Waislamu walipigana na Waislamu ili kulinda bendera ya serikali ya mbali. Na serikali hiyohiyo, mwaka 1886, ilimfikishia Emin barua kwamba imelitelekeza jimbo!

Mwaka 1888 akaja Stanley kumwokoa. Askari waliposikia kwamba watang'olewa kwenye makazi yao na kupelekwa wasikokujua, waliasi wakamfunga Emin kule Dufile. Lakini majeshi ya Mahdi yalipofika, ni askari hao hao, chini ya Selim Bey, waliowarudisha nyuma. Aprili 1889 Stanley aliondoka na Emin kuelekea pwani. Selim Bey na watu wake walikuwa bado njiani na familia zao. Hawakusubiriwa.

Emin alifika Bagamoyo Desemba 1889, na mwaka uliofuata akaingia katika utumishi wa Wajerumani. Alipandisha bendera yao Tabora, na Novemba 1890 akajenga kituo Bukoba. Miezi michache baadaye akashika njia ya magharibi, akimwachia kituo Luteni Langheld. Kwetu Uhaya mbinu ilikuwa ile ile. Askari wa Kizungu walikuwa wachache mno, bali wafalme walishindanishwa. Kahigi wa Kianja alijisogeza karibu na Wajerumani, na wao wakampanulia eneo kwa hasara ya jirani zake. Emin mwenyewe aliuawa Kongo Oktoba 1892, na watu wa wafanyabiashara wa watumwa ambao nao walijiita Waislamu.

Na Selim Bey je? Mwaka 1891 Lugard, ofisa wa Kiingereza ambaye kabla ya hapo alishapigana vita vya Afghanistan, alimkuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Akawachukua askari wake pamoja na maelfu ya wake na watoto, akawafanya jeshi la Uganda. Hao ndio asili ya Wanubi tunaowajua. Mwaka 1893 Selim Bey aliposimama upande wa Waislamu wa Buganda, alikamatwa akiwa mgonjwa, akapelekwa uhamishoni, akafia njiani karibu na Naivasha. Utumishi wake wote haukumsaidia kitu.

Sasa tujiulize, hayo yamekwisha? Baada ya mwaka 2001 askari wa Marekani nao waliingia katika vijiji vya Wapashtuni wa Afghanistan, wakanywa chai na wazee, wakawapa vijana bunduki wapigane na Wapashtuni wenzao wa Taliban. Agosti 2021 Wamarekani waliondoka. Dunia nzima iliwaona watu wakining'inia kwenye ndege pale Kabul, na wengi waliowatumikia Wamarekani wakaachwa nyuma. Kwa aliyesoma habari za Selim Bey, hilo halikuwa jambo geni.

Simlaumu kila aliyeshika bunduki ya mgeni. Wengine walikuwa na njaa, wengine walilazimishwa, wengine walimwogopa jirani kuliko mgeni. Lakini ugomvi wa jirani kwa jirani ndio mlango alioingilia mgeni, Equatoria, Kianja na Kandahar. Tunapogombana wenyewe kwa wenyewe misikitini na mitaani kwetu, tukumbuke kwamba mgeni mwenye bunduki hakai milele. Anayebaki ni jirani uliyempiga.

Allah atuunganishe nyoyo zetu. Amin.