Samuel Colt na Bei ya Chuma Kikongwe

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maana ya maneno hayo mimi niliijua kwa gharama. Nilipokuwa kijana, baba aliugua akalala kitandani miezi mitatu, na nyumbani pakawa hapana cha kuuza ila jambia la marehemu babu, lenye ala ya ngozi iliyotiwa nyuzi za fedha. Nikaambiwa nilipeleke kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Nami kwa werevu wangu wa kitoto nikakesha nikilisugua kwa ndimu, jivu na mchanga laini, hata fedha ikametameta kama kioo. Asubuhi yule mnunuzi akaligeuza mara mbili, akanitazama kwa huruma, kisha akataja nusu ya bei niliyoitarajia. Nilidhani ni hila za biashara. Kumbe alisema kweli: nilichokisugua hakikuwa uchafu, bali miaka.

Kisa hicho kilinirudia niliposoma habari za maonyesho ya bunduki huko Marekani. Katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, hupangwa meza zaidi ya 4,000 ndani ya jumba moja, na watu wazima huvutana bei ya bastola kongwe kama tunavyovutana sisi bei ya viungo pale Marikiti. Mwenye kuuza hutaja bei ya juu. Mwenye kununua hukunja uso, huirudisha mezani, huzunguka, hurudi. Aghalabu maafikiano hupatikana siku ya mwisho, wauzaji wakianza kufunga mizigo yao. Na jina lisilokosekana juu ya meza hizo ni Colt. Basi msomaji wangu, leo napenda tumjue mwenye jina hilo, kwani maisha yake yenyewe yalikuwa mvutano mmoja mrefu wa bei.

Samuel Colt alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, tarehe 19 Julai 1814. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyefilisika, na mama yake alifariki Samuel akiwa bado mtoto mdogo. Mnamo 1830 alipanda jahazi la Corvo kutoka Boston kwenda Calcutta, akiwa baharia mwanafunzi wa miaka kumi na sita. Husimuliwa kwamba humo chomboni aliutazama usukani ukizunguka na kukazwa mahali pake, ndipo akachonga kwa mti mfano wa bastola yenye silinda, yaani kipande cha duara chenye matundu kadhaa ya risasi, kinachojizungusha na kujifunga kila jogoo la bastola linapovutwa nyuma.

Fikra alikuwa nayo, fedha hakuwa nazo. Kijana huyu akajipa jina la daktari, akazunguka miji ya Marekani akiwavutisha watu hewa ya kuchekesha, nao wakimlipa kwa kicheko hicho. Kwa senti hizo akawalipa mafundi waliomuundia bastola za majaribio. Hati ya kulinda uvumbuzi wake aliipata Uingereza mwaka 1835, na Marekani tarehe 25 Februari 1836. Mwaka huo huo kiwanda chake kikafunguliwa Paterson, New Jersey.

Hapo ndipo soko lilipomfunza adabu. Jeshi liliijaribu silaha yake mwaka 1837 likaikataa, likisema ina vipande vingi mno. Bei nayo ilikuwa kubwa. Mwezi wa Aprili 1840, jahazi la Sultana la Sayyid Said lilipotia nanga New York likitoka Unguja, na Ahmad bin Na'aman akashuka na zawadi za bwana wake kwa Rais, kiwanda cha Colt kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka bandarini, nacho kilikuwa kinadidimia. Mwaka 1842 kikafungwa. Na katika mwaka huo huo wa dhiki nduguye John, aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtu, alifia gerezani.

Faraja ilikuja na vita. Marekani ilipopigana na Mexico, Kapteni Samuel Walker, aliyekuwa amezitumia bastola za Paterson huko Texas, alimtafuta Colt. Wakashauriana juu ya bastola kubwa zaidi, na mwezi wa Januari 1847 serikali ikaagiza 1,000 kwa dola 25 kila moja. Colt hakuwa tena na kiwanda. Ilimbidi ziundwe katika kiwanda cha mtu mwingine, Eli Whitney mdogo. Kila bastola ilikuwa na uzito wa karibu kilo 2. Walker mwenyewe aliuawa vitani mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Tangu hapo Colt hakurudi nyuma. Alijenga Hartford, akafungua kiwanda London mwaka 1853, na mwaka 1855 akakamilisha kiwanda kikubwa kando ya mto, chenye kuba ya buluu iliyopambwa kwa nyota. Alikuwa bingwa wa kubembeleza wakubwa kwa zawadi. Sultani Abdulmejid wa Istanbul alipewa bastola iliyonakishiwa dhahabu, na mfalme wa Urusi akapewa zake, katika miaka ambayo wawili hao walikuwa wakipigana vita. Hata nchini kwake aliendelea kuwauzia watu wa Kusini mpaka mizinga ilipolia Aprili 1861. Tarehe 10 Januari 1862 alifariki dunia, tajiri wa kupindukia, akiwa na miaka 47 tu. Katika watoto wake ni mmoja tu aliyefikia utu uzima.

Sasa turudi mezani. Fahari ya Colt ilikuwa kufanana. Alitaka mashine zitoe vipande vinavyolingana, bastola ya elfu iwe ndugu pacha wa ile ya kwanza, na hivyo bei ishuke. Lakini anayenunua leo hatafuti kufanana; atafuta tofauti. Huifungua bastola akalinganisha nambari zilizopigwa kwenye mtutu, kiunzi na silinda. Ikiwa moja haipatani na nyingine, bei huporomoka, kwani huo ni ushahidi kwamba vipande vimekusanywa kutoka silaha mbili. Huitazama picha iliyochongwa kuzunguka silinda, kazi ya Ormsby, mchongaji wa noti za benki. Ikiwa imefutika, bei hupungua tena. Na ikiwa mtu ameisugua kutu akaipaka rangi mpya ya buluu ili ipendeze, hapo mwenye kununua huitua mezani taratibu, kama alivyofanya yule mnunuzi wa jambia letu.

Lakini isiyoguswa, yenye habari yake kamili, haina mfano. Kuna bastola moja ya Walker iliyonunuliwa mpya na nahodha wa Denmark mwaka 1847. Mwaka 2018 iliuzwa mnadani, ikiwa pamoja na sanduku lake la asili, kwa dola milioni 1.84. Ndugu zake walikwenda jeshini kwa dola 25! Na mwaka 2021 bastola ya Colt ambayo Pat Garrett alimuulia Billy the Kid mwaka 1881 ilifika dola zaidi ya milioni 6. Chuma ni kile kile. Kilicholipiwa ni kisa, na katika kisa hicho mna roho ya mtu.

Jambo hilo hunikalisha nikifikiri. Katika silinda ya bastola ya Walker imechongwa picha ya wapanda farasi wa Texas wakiwapiga Wakomanchi, wenyeji wa nyika zile. Ni picha hiyo hiyo ambayo ikisomeka vizuri huongeza bei, na ikifutika huipunguza. Wale walioanguka hawana meza katika jumba la Tulsa, wala hakuna anayeulizwa jina lao wakati wa kupatana.

Jambia la babu sikulipata tena. Fedha yake ilimnunulia baba dawa, akapona kwa rehema za Mungu, na kwa hilo sijuti. Ninalojuta ni kwamba sikukaa na baba hata usiku mmoja nikamuuliza lilitoka wapi, lilivaliwa na nani, na lile doa jeusi mpinini, nililohangaika nalo hata alfajiri, lilikuwa la nini. Wewe uliye na sanduku la bibi au upanga wa babu, kabla hujatwaa ndimu, twaa kalamu. Keti na mzee, andika.