Joginder Singh: Fundi aliyekaza bolti kabla ya kukanyaga mafuta

Ukizunguka gereji za Komarock wikendi, hasa ukielekea Kayole Spine Road, hutakosa kuona Subaru imefunguliwa boneti na wasee watatu wameinama ndani. Mchongo wa siku hizi ni strati baa, kile chuma kinachovuka juu ya injini na kushika vichwa vya shoki ya kushoto na ya kulia. Wenye doo zaidi wanaongeza vyuma vingine chini ya gari na ndani ya buti. Wengi, tuseme ukweli, wanakinunua kwa sababu kinang'aa.

Lakini hii kazi ya kuimarisha bodi isipindepinde haikuanza na Instagram. Hapa Kenya ni ya zamani, na mmoja wa walioielewa vizuri ni Joginder Singh, mshindi wa Safari Rally mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Watu walimwita Singasinga Arukaye, wengine Simba. Kijana aliyeijua Safari iliporudi Naivasha 2021 huenda jina hilo halimwambii kitu.

Alizaliwa Kericho, Februari 9, 1932. Babake alitoka Punjab na alikuwa na gereji, kwa hivyo Joginder alikulia katikati ya spana na harufu ya grisi. Hakuingia mbio akiwa mtoto wa tajiri aliyenunuliwa gari. Alikuwa fundi kwanza. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kusaidia madereva waliokwama barabarani. Fikiria hiyo shule: kila siku unaitwa kuona ni nini kimevunjika, na kwa nini. Baada ya miaka kadhaa ya kazi kama hiyo unajua gari linaanza kufa wapi.

Alianza kushiriki Safari mwaka wa 1959. Mashindano ya enzi hizo hayakuwa mizunguko mifupi kama ya leo. Yalikuwa takriban kilomita 5,000 wakati wa Pasaka, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo malori na ng'ombe walikuwa wakizitumia kama kawaida. Vumbi, kisha matope, kisha mawe. Magari mengi yalianza, machache yakarudi Nairobi. Mara nyingi injini haikuwa ndiyo iliyokufa. Vishikio vya shoki vilikatika, bodi ikapata nyufa, milango ikakataa kufunga kwa sababu gari limejipinda.

Mwaka wa 1965 alijitokeza na Volvo PV544 ya mtumba. Ndiyo, mtumba: lilikuwa gari la timu ya Volvo ya mwaka uliotangulia. Aliliandaa pamoja na nduguye Jaswant, ambaye pia alikaa kiti cha pembeni. Walipangiwa kuanza wa kwanza. Bahati hiyo ilimaanisha hakuna vumbi la mtu mbele, na matope yalikuwa bado hayajachimbwa na magari mengine. Lakini kuanza mbele hakuzuii chuma kuchoka. Ndugu hao wawili walishinda, wakizipiku timu za viwanda zilizokuja na magari mapya.

Turudi kwenye boneti kidogo, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Lile Volvo, Lancer aliyoendesha baadaye na Subaru ya mtaani kwako zote hazina fremu ya chuma kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo fremu: mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za kuchomelea. Ukikata kona kwa kasi, gurudumu la nje linasukuma kichwa cha shoki, na bati lililokishika linasogea kidogo sana. Hicho kidogo kinatosha kubadilisha pembe ya gurudumu, na dereva anahisi usukani umechelewa kujibu. Strati baa inafunga vichwa viwili pamoja ili vigawane mzigo. Mafundi wa Safari walikwenda mbali zaidi: waliongeza uchomeleaji kati ya zile nukta, wakatia vibati vya kuimarisha kwenye vishikio, na wakaweka ngao ya chuma chini ya injini.

Sasa tofauti yao na sisi. Wao walianza na bodi nzima. Kukifunga chuma kizuri kwenye bati lililoliwa na kutu, au kwenye gari lililogongwa likanyooshwa kwa nyundo, ni kujidanganya. Mzigo utatafuta sehemu dhaifu iliyo karibu. Kwa hivyo kagua kwanza kuzunguka vichwa vya shoki. Gari lisimame sawa kwa magurudumu yote manne, usilipige jeki upande mmoja, la sivyo matundu hayatalingana na utafunga bodi ikiwa imepinda. Ingiza nati zote kwa mkono kwanza, halafu kaza kidogo kidogo pande zote mbili kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa sababu zile bolti ndogo hukatika upesi. Funga boneti polepole uone kama inagusa. Endesha siku chache, kisha rudia kukagua. Na ile nati kubwa ya katikati usiiguse hata kidogo: springi iliyobanwa chini yake inaweza kukuumiza vibaya. Ukiona fundi anaifungua bila kifaa cha kubana springi, chukua ufunguo wako uende.

Mwaka wa 1974 ulikuwa wa mvua kubwa. Joginder na David Doig walikuwa kwenye Mitsubishi Lancer 1600 GSR, kigari kidogo, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Lancer kujaribiwa katika Safari. Mbele yao kulikuwa na Björn Waldegård kwenye Porsche, gari lenye nguvu kuliko lao. Porsche hiyo ilimaliza ya pili. Miaka miwili baadaye, tena na Doig, Joginder alishinda kwa mara ya tatu, na hakuna dereva aliyekuwa amefikisha ushindi mara tatu kabla yake. Mwaka huo Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu, jambo linaloonyesha kwamba gari lenyewe lilikuwa limeandaliwa sawasawa, si dereva mmoja tu aliyekuwa moto.

Safari yake ya mwisho ilikuwa 1980. Alikuwa ameanza mashindano hayo mara 22 na kufika mwisho mara 19, hesabu ambayo mimi huishangaa kuliko yale mataji matatu. Alifariki London, Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81.