Sayyida Salme: Mwana wa Mtoni aliyezikwa Hamburg

Sisi watu wa Malindi, Mambrui na Takaungu hatuhitaji kuambiwa kuwa damu huchanganyika. Fuatilia nasaba ya nyumba moja tu, utakutana na Oman, Lamu, Mijikenda na Bara Hindi. Lakini si kila aliyechanganyika hupewa pa kukaa. Mtazameni Sayyida Salme.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake ni Sayyid Said bin Sultan, yule aliyewaondoa Mazrui Mombasa mwaka 1837, wengine wakahamia Takaungu na Gazi. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi kutoka Kaukazi. Wakati wasichana walifundishwa kusoma tu, Salme alijifunza kuandika kwa siri.

Kalamu hiyo ikamtia mashakani. Mwaka 1859 alimwandikia barua kakake Barghash, aliyetaka kumpindua ndugu yao Majid. Njama zikashindwa. Majid, ambaye zama zake ndipo Malindi ilipoanza kufufuka, alimsamehe, lakini Barghash alichukizwa na suluhu hiyo.

Kisha akapendana na jirani, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, akapata mimba. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaolewa, akaitwa Emily. Mtoto wa kwanza alifariki kabla hawajafika Hamburg. Watatu waliofuata walipewa kila mmoja majina ya pande mbili: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu.

Mwaka 1885 alirudi Unguja na wanawe, chini ya ulinzi wa Wajerumani waliomtumia kumbana Barghash, sasa sultani. Barghash alikataa kumwona wala kumpa urithi. Mirathi ina sheria yake, na aliyetoka katika Uislamu hamrithi Muislamu. Lakini salamu si mirathi.

Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Mwanawe Rudolph Said hakuitupa nasaba: mwaka 1929 alitoa kitabu kuhusu babu yake, Sayyid Said.

Leo Malindi tuna watoto ambao baba zao ni Wataliano, wengine hawajawahi kuwaona. Tunawaita wazungu barabarani, na huko Ulaya huenda wakaitwa Waafrika. Hawakuchagua nasaba yao. Tuwafundishe majina ya bibi zao, lugha yao na mtaa wao, wasije wakalazimika kuyatafuta vitabuni.